Wanapasuliwa Muhimbili, wanasahauliwa Chiwata

Serikali yetu inapenda sana kukata utepe. Mashine ikija, utepe. Jengo likiisha, utepe. Operesheni mpya ikifanyika kwa mara ya kwanza, waandishi wanaitwa, kamera zinamulika na wakubwa wanajipanga nyuma ya kitanda. Kesho yake tunasoma kwamba tumeifikia Ulaya. Haya, tumefika. Lakini tuulizane, ndugu msomaji: mgonjwa yule baada ya kamera kuzimwa alikwenda wapi? Leo hii anaona? Yu hai?

Nauliza kwa sababu ya ugonjwa mmoja ambao wengi hatuujui hata jina, lakini unaumbua mfumo wetu wote wa tiba. Ni uvimbe wa tezi ya pituitari.

Tezi yenyewe ni ndogo kama punje ya kunde. Imelala kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua. Udogo huo usikudanganye. Ndiyo mnyapara wa tezi nyingine zote: inaamuru koo, figo, korodani, maziwa ya mama na kimo cha mtoto. Ikiota uvimbe, mara nyingi si saratani. Uvimbe mwingine hutoa homoni kupita kiasi, na mwenyewe hugundua mapema kwa sababu mwili unabadilika: mikono inakua, uso unavimba, maziwa yanatoka yasipotakiwa. Lakini kuna uvimbe ambao hautoi homoni yoyote ya kuonekana. Mimi nauita uvimbe bubu. Hausemi kitu. Unakua kimya kimya mwaka baada ya mwaka, mpaka unapoigusa mishipa ya macho iliyopita juu yake.

Hapo ndipo mtu anaanza kupoteza pembeni. Mbele anaona, kulia na kushoto haoni. Anagonga nguzo za mlango. Anavuka barabara bila kuiona bodaboda inayotoka ubavuni. Kichwa kinamuuma. Na kabla ya hayo yote, kwa mwanamume, kuna dalili nyingine ambayo nyinyi vijana wenzangu mnapaswa kuisikia vizuri: nguvu za kiume zinakwisha, ndevu zinapungua, hamu inapotea, mwili unachoka bila kazi. Mnyapara amebanwa, amri kwenda kwenye korodani haifiki tena.

Sasa kijana wa mjini akiona hivyo anakwenda wapi? Tazama nguzo za umeme kuanzia Manzese hadi Mbagala. Kila nguzo ina karatasi: dawa ya nguvu za kiume, mganga kutoka mbali, piga namba hii. Kijana anakunywa mizizi miezi sita, anatafuna punje za karanga na asali, anaagiza vidonge vya bluu. Si kila mwenye tatizo hilo ana uvimbe kichwani, na nisije nikawatisha watu. Wengi wana kisukari, presha, pombe au mawazo ya kodi ya nyumba. Lakini nguvu zikipotea pamoja na maumivu ya kichwa yasiyoisha na macho kupoteza pembeni, hiyo si kazi ya mizizi. Hiyo ni kazi ya daktari, na upesi.

Twende kusini

Mjini tuna ujanja wetu. Twende Chiwata, wilaya ya Masasi, kule kwenye kingo za uwanda wa Makonde, juu ya Ndanda. Chukua mfano wa mkulima wa korosho wa miaka 48. Kwa desturi za kule mjomba ni mtu mzito, ndiye mwenye ukoo, basi tumwite Mjomba. Mjomba ameanza kugonga milango. Wanasema uzee. Anakwenda zahanati, anapewa panadoli. Mwaka wa pili haoni nyoka aliye pembeni mwa njia. Wanasema mtoto wa jicho, au wanasema amerogwa kwa sababu msimu ule korosho zake zilikubali kuliko za jirani. Mwaka wa tatu jicho moja limezima.

Hapa ndipo nataka wasomaji muone uchungu wa jambo lenyewe. Kumgundua Mjomba mwaka ule wa kwanza hakuhitaji mashine ya mabilioni. Kunahitaji vidole viwili. Mganga wa zahanati anakaa mbele yake, uso kwa uso, hatua moja kati yao. Mjomba anafumba jicho moja na kumkazia macho mganga puani. Mganga anachezesha kidole kutoka pembeni akiingiza ndani taratibu, anauliza: umekiona? Kisha jicho la pili. Mtu asiyeona upande wa nje katika macho yote mawili anapaswa kupelekwa kupigwa picha ya kichwa. Dakika tano. Bure.

Na picha sasa si lazima Dar es Salaam. Lazima tuseme kweli hata kama hatuwapendi: mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotoka IMF mwaka 2021 kwa ajili ya UVIKO ulinunua mashine za CT za hospitali za rufaa za mikoa, na kule Mitengo, Mtwara, miaka hii ya 2020 imeanza kazi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Uvimbe uliokwisha kuibana mishipa ya macho ni mkubwa, mara nyingi umezidi sentimeta moja sana, na CT inaweza kuuonyesha. Chombo kipo. Kidole cha kumwelekeza mgonjwa kwenye chombo ndicho kinachokosekana.

Kuchelewa huku si jambo dogo. Katika hospitali zenye uzoefu duniani, kati ya wagonjwa 100 walioanza kupoteza uoni, kama 80 huona vizuri zaidi baada ya operesheni. Lakini hao ni wale ambao mishipa ya macho ilikuwa imebanwa tu, haijafa. Ukiibana miaka mitatu inakauka. Hapo hata angekuja daktari kutoka mbinguni, operesheni itaokoa maisha na pengine jicho lililobaki, lakini lililokufa halirudi. Tofauti kati ya mtu anayerudi shambani na kipofu anayeshikwa mkono na mjukuu ni muda tu.

Upasuaji wenyewe

Tuwape madaktari wetu haki yao. Operesheni hii ni ya hatari na ya heshima. Mwaka 1907, kusini mwetu vumbi la Maji Maji halijatulia, daktari Hermann Schloffer kule Innsbruck, Austria, aliitoa sehemu ya uvimbe wa tezi hii kwa kupitia njia ya puani. Harvey Cushing wa Marekani akaifanya kwa mamia kisha akaiacha. Miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal, Kanada, akairudisha kwa kutumia hadubini. Leo wanaingiza kamera nyembamba kwenye tundu la pua. Na pale Muhimbili, kwenye Taasisi ya MOI iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, Watanzania wenzetu wanaifanya. Mgonjwa ambaye zamani angeandikiwa India, au asiandikiwe kabisa kwa kuwa hakuwa na mtu wizarani, sasa anaweza kupasuliwa nyumbani. Wanaobeza hilo wana lao.

Kwenye mikono yenye uzoefu, wanaokufa kwa operesheni hii ni wachache, kama mmoja kati ya 100. Wako watakaovuja maji ya ubongo puani, wako watakaopata kiu isiyokatika na kukojoa lita nyingi kwa siku, wako watakaopungukiwa chumvi mwilini wiki moja baadaye wakaanza kuweweseka. Mengi ya hayo yanatibika, mradi mgonjwa awe karibu na anayejua. Sasa mgonjwa wa Chiwata akiruhusiwa siku ya tano, siku ya saba yuko wapi? Yuko ndani ya basi, Somanga, anaweweseka, na kondakta anadhani amelewa.

Ndugu msomaji, mnakumbuka Novemba 2007? Wagonjwa wawili waliofanana jina walibadilishwa pale Muhimbili. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilitetemeka, magazeti yaliuzika, kamati ikaundwa. Ilikuwa haki kutetemeka. Lakini kosa la aina ile linaonekana, lina damu na jina. Kosa ninalolisema mimi halina kamati. Mtu anapasuliwa vizuri kabisa, anashonwa vizuri, anaruhusiwa kwa mkono wa kheri, halafu anafia nyumbani miezi minane baadaye na hakuna anayeandika.

Kinachomuua baada ya kupona

Anauawa na nini? Hapa msome polepole. Uvimbe ukishaibana tezi muda mrefu, na kisu kikipita, mara nyingi ile tezi hairudi kazini. Kati ya wagonjwa waliokuwa wamepungukiwa homoni, wanaorudishiwa na operesheni ni kama theluthi moja tu. Wengine wataishi kwa vidonge maisha yao yote. Na kidonge kikuu ni kile kinachoziba pengo la kotiso, homoni ya kuusimamisha mwili wakati wa shida. Mtu asiye na kotiso anaweza kutembea, kucheka na kupalilia siku za kawaida. Lakini homa ikimpata, mwili unahitaji kotiso mara mbili au tatu ya kawaida. Kama hakuongeza dozi, au anatapika vidonge, presha inaanguka, sukari inaanguka, anazimia, anakufa.

Na homa gani ya kawaida kule Masasi? Malaria. Mjomba anaumwa malaria kama kila mtu, lakini kila mtu anapona na yeye anakufa usiku wa pili. Msibani watasema malaria imepanda kichwani. Cheti kama kipo kitaandikwa malaria kali. Kumbe angechomwa sindano moja ya haidrokotisoni au deksamethasoni pale zahanati, pamoja na dripu, angekuwa anakunywa uji asubuhi. Predinisoloni, kidonge cha bei ndogo kinachoweza kushika nafasi pale haidrokotisoni ya vidonge haipatikani, kinajulikana na kila muuza duka la dawa. Kwa hiyo Mjomba hakuuawa na umaskini wa dawa. Ameuawa na karatasi. Hakuwa na karatasi mfukoni iliyoandikwa kwa Kiswahili: MTU HUYU HANA KOTISO, AKIUMWA ONGEZA, AKITAPIKA MCHOME SINDANO.

Badala yake amepewa fomu ya Kiingereza yenye mwandiko wa kuku, ndani ya bahasha ya kaki, ameiweka juu ya dari na panya wameila.

La pili ni uvimbe wenyewe. Watu wanadhani ukishatolewa umetolewa. Sivyo. Uvimbe ukiwa umeshikamana na mishipa mikubwa ya damu iliyopita pembeni, daktari mwenye akili anauacha ule mpaka, maana kuugusa ni kuua. Kipande kile kilichobaki kisipopigwa mionzi, karibu nusu ya wagonjwa kitawakulia tena ndani ya miaka kumi. Hata waliotolewa wote, wapo 10 mpaka 20 kati ya 100 ambao utawarudia. Ndiyo maana utaratibu unataka picha ya MRI miezi mitatu hadi sita baada ya operesheni, halafu kila mwaka kwa miaka mitano hivi, halafu kwa kuachia nafasi. Na macho yapimwe, na damu ipimwe homoni. Ukionekana unarudi, mgonjwa apasuliwe tena au apelekwe Ocean Road kwa mionzi kabla macho hayajaharibika. Uvimbe ni bubu mara ya kwanza na ni bubu mara ya pili. Asiyerudi kupigwa picha ataujua atakapoanza tena kugonga milango.

Hesabu ya mkulima

Sasa tufanye hesabu ya Mjomba. Kutoka Chiwata ashuke mpaka barabara kuu, apande basi la Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500. Tangu 2003 daraja la Mkapa limetuondolea adha ya kivuko cha Rufiji, tunashukuru. Lakini Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ile ile kule Kilwa na watu wa kusini wakawa kisiwani. Akifika anahitaji pa kulala, chakula, mtu wa kumshika mkono. Kisha laki kadhaa za MRI. Kisha homoni. Kisha arudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu.

Fedha zake zinatoka wapi? Korosho. Na korosho ina msimu wake, kuanzia Oktoba. Tena malipo yenyewe yana mambo: mwaka 2018 serikali ilipeleka jeshi kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo wakulima waliosubiri fedha zao mpaka wakachoka. Miadi ya hospitali ikiangukia Machi, mvua inanyesha, ghala ni tupu, korosho zimeshaliwa na ada za shule. Mjomba anasema nitakwenda msimu ujao. Msimu ujao jicho halipo.

Bima? CHF ile iliyoboreshwa 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita ilimfikisha mwanachama mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Yaani ilimfikisha Ligula ikamwambia kwaheri. Uvimbe wake unatolewa Muhimbili, bima yake inaishia Mtwara. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Jina zuri. Kipimo chake ni kimoja: je, mkulima wa Chiwata aliyepasuliwa kichwa atalipiwa MRI ya mwaka wa nne na vidonge vya mwaka wa kumi? Kama hapana, basi si kwa wote.

Wakubwa hawana tabu hii. Novemba 2014 Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alikwenda Johns Hopkins, Marekani, akafanyiwa upasuaji wa tezi dume, na akarudi akatueleza wananchi wazi. Hatumuonei wivu, mgonjwa ni mgonjwa. Tunachouliza ni kwa nini tezi ya mkubwa inapata ndege na tezi ya mkulima haipati hata nauli ya basi. Masasi iliitoa Lupaso mtu akawa Rais miaka kumi, 1995 hadi 2005. Kama hata wilaya iliyotoa Rais inatibiwa hivi, wale waliotoa mwenyekiti wa kijiji tu wafanyeje?

Na wewe kijana unahusika

Usidhani hii habari ni ya wazee wa kijijini. Wewe uliyetoka kusini, unayeuza soksi Kariakoo na kulala chumba kimoja Mbagala, wewe ndiye wodi ya Mjomba. Simu inapigwa: tunakuletea mgonjwa. Unampa kitanda, unalala chini, unafunga biashara kumpeleka kliniki, unapanga foleni toka alfajiri, unaambiwa daktari yuko kwenye mkutano, njoo Alhamisi. Mtaji unakatika. Hiyo ndiyo bajeti ya afya isiyosomwa Dodoma. Tangu uchangiaji uanze mwaka 1993 mnachangia mara mbili: dirishani, na kwenye chumba chenu.

Basi tusilalamike tu. Madai yako wazi na hayahitaji mfadhili.

Kwanza, kipimo cha vidole viwili kifundishwe kila zahanati, na atakayekutwa hana pembeni apewe barua ya moja kwa moja kwenda kupigwa picha, bila danadana ya ngazi tano.

Pili, kila aliyepasuliwa tezi hii aondoke na kadi ya Kiswahili, ngumu, isiyolowana, yenye dawa zake na maagizo ya siku ya homa. Na zahanati ya kijiji chake ipigiwe simu siku anapotoka. Simu moja.

Tatu, kliniki ya waliopasuliwa ifanyike Mitengo, Mtwara, angalau mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2024 walizindua kampeni ya kuwapeleka madaktari bingwa wilayani, wakaipa jina la Rais. Vizuri. Daktari akiweza kusafiri kwa ajili ya kampeni, anaweza kusafiri kwa ajili ya mgonjwa aliyemshona mwenyewe.

Nne, kila mwaka hospitali ibandike ukutani: tumewapasua wangapi, wangapi walipata nafuu ya macho, wangapi walikufa, na wangapi tumewaona tena baada ya mwaka. Namba hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Bunge liidai kila bajeti, na mbunge wa Ndanda na wa Masasi waulizwe mikutanoni wameidai mara ngapi.

Wahenga walishasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kumtoa mtu uvimbe puani ni uhodari, na waliofanya tunawapigia makofi. Lakini makofi yana mwisho. Yule mzee amesharudi Chiwata, mvua inanyesha, homa imempanda na mtoto wa zahanati anatafuta cha kumfanyia. Mfukoni mwake kuna kadi au hakuna? Waziri atujibu hilo kwanza. Utepe wa mwakani unaweza kusubiri.